Zefe ya Katambuga

Gongoni, Tabora
6 Agosti 1974

Dada yangu Batuli,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali. Mwamkie Baba, mwambie nitakuja Idi, Mungu akipenda. Msalimie shemeji Twalibu na mpwa wangu Mwanne, mwambie kalamu ya rangi aliyoniagiza nimeshaipata.

Nina habari ya kujisifu kidogo, univumilie. Unajua mwaka wa tatu sasa niko ofisi hii ya utamaduni, na kazi yangu ni kupiga mihuri na kuandika majina ya vikundi vya ngoma. Bwana Lugembe, mkubwa wangu, hajawahi kuniuliza swali zaidi ya chai iko wapi. Ijumaa iliyopita akaniita, akafunga mlango. Akasema, "Yahaya, wewe ni mtu wa hapa, tena Mwislamu. Zefe ni nini? Neno lenyewe limetoka wapi, na ina utaratibu gani? Niandikie, usiache kitu." Yeye ni mtu wa ziwani, zefe hajaiona hata kwa mbali.

Nimeandika kurasa mbili, jana nimempelekea. Mwalimu wangu katika mambo haya ni Baba, basi nakunakilia hapa umsomee, anisahihishe nilipokosea:

"Zefe ni mwendo wa watu wengi kwa matari na nyimbo, kumsindikiza mtu au jambo la heshima. Neno lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kumpeleka bibi harusi kwa mumewe kwa shangwe. Zefe ya Maulidi ilifuata baadaye. Hapa Unyanyembe, kwa masimulizi ya wazee wetu, neno lililetwa na wapagazi waliokwenda Bagamoyo wakarudi. Msafara ulipokaribia nyumbani ulilala nje ya mji siku moja, watu wakaoga, wakavaa nguo mpya, ndipo wakaingia kwa ngoma, na kuingia huko wakakuita zefe. Kwa hiyo zefe si matembezi. Lazima awepo anayesindikizwa, na kama hayupo hiyo si zefe, ni kelele.

"Mbele hutangulia mwenye bendera, wala hakuna ruhusa ya kumpita. Nyuma yake ni wapiga matari. Katikati ni bibi harusi, amefunikwa gubigubi, na wanawake wanne wamemzungushia kanga asionekane. Kinachoonekana ni nyayo zake tu, nazo huwa peku, zimepakwa hina, kwa maana viatu vyake hubebwa na somo wake mpaka mlangoni kwa mume. Bibi harusi aliyevaa viatu njiani hajapata kuonekana."

Sentensi ya mwisho naipenda kuliko zote. Bwana Lugembe ameisoma mara mbili, akasema, "Vizuri sana, Yahaya." Nimekula chakula cha jioni bila kusikia ladha yake kwa furaha.

Wasalaam,
Mdogo wako,
Yahaya Nassibu


Kigwa
11 Agosti 1974

Mdogo wangu Yahaya,

Marahaba. Umeandika kwamba hofu na mashaka ni juu yetu, kama wanavyoandika watu wote. Safari hii umepatia.

Barua hii nampa Bertila, nesi wa zahanati yetu, anayekuja huko kuchukua dawa. Usinijibu kwa posta. Mpe yeye. Na ukishaisoma ichome.

Zefe aliyokuuliza Bwana Lugembe ni yetu. Tarehe 27 Julai, siku ya Jumamosi, tulimsindikiza Mwanajuma, binti wa Baba Mdogo, kutoka Mihogoni kwenda kijiji kipya, kwa mumewe. Baba ndiye aliyeshika bendera. Tuliomba tusipande lori la operesheni ya kuhamia vijijini, twende kwa miguu kwa sababu ni harusi, wakakubali. Kumbe baadaye mtu ameandika taarifa kwamba Maulidi imepita zamani na watu arobaini wametembea na bendera.

Kuna jambo jingine ambalo sikukuandikia kwa posta. Tarehe 23 mgambo walikuja Mihogoni kubomoa mapaa ili watu wasirudi nyuma. Baba alikuwa ndani, ana homa, hawezi hata kukaa. Twalibu alipanda juu kuwazuia. Alishikana na mmoja wao, anaitwa Shomari, na Shomari akaanguka akavunjika nyonga. Sasa amelazwa huko Tabora na tunasikia hali yake si nzuri. Akifa ni kesi ya kuua. Twalibu hajaonekana tangu siku hiyo, na wanamtafuta. Ukiulizwa sema hujui alipo. Ni kweli hujui.

Mwanne tumemwambia baba yake amekwenda kufanya kazi ya useremala mbali. Kila jioni anakaa mlangoni.

Sasa nijibu haraka. Hiyo karatasi iko wapi? Ile sentensi ya nyayo ameisoma nani mwingine? Usiniulize kwa nini nauliza.

Nilimsomea Baba ulichoandika. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ameandika vizuri, hakuna pa kusahihisha." Kisha akaomba tumsaidie akalale, na ilikuwa saa tatu asubuhi.

Dada yako,
Batuli


Tabora
13 Agosti 1974

Dada Batuli,

Shikamoo. Bertila amekaa kwenye benchi hapo nje na boksi lake la dawa, amenipa dakika ishirini. Naandika ofisini, Bwana Lugembe amekwenda mkutanoni.

Nimelifungua jalada. Sikutakiwa, lakini nimelifungua. Taarifa ya kutoka kwenu iko juu, imeandikwa kwa mkono, na karibu yote ni maneno ya kawaida: bendera, matari, idadi ya watu. Kuna mstari mmoja unaosema, "Bibi harusi alikuwa mrefu, na alipopanda tuta la reli alionekana amevaa katambuga." Mtu amepiga mstari wa penseli nyekundu chini ya neno katambuga. Chini ya taarifa hiyo kuna kurasa zangu mbili, na penseli hiyohiyo imezungusha duara kwenye sentensi niliyokuambia naipenda.

Mwanajuma namjua tangu akiwa anatambaa. Si mrefu. Na katika ukoo wetu hakuna bibi harusi anayetoka kwao na viatu vilivyokatwa kwenye tairi la gari.

Nadhani najua ni nani alikuwa ndani ya ile kanga, na natamani nisijue. Niandikie. Lakini niandikie kwa mkono wa huyuhuyu Bertila. Nimejaribu kukumbuka kama kuna neno langu lolote katika kurasa zile linaloweza kusomwa kwa namna nyingine, na hakuna. Nilijitahidi sana lisiwepo.

Bertila amesimama.

Yahaya


Kigwa, kijiji kipya
17 Agosti 1974

Yahaya,

Bertila alinitazama nikisoma barua yako, kwa hiyo sasa anajua kuna jambo. Hakuuliza. Mungu amlipe.

Ndiyo, alikuwa Twalibu.

Siku nne alikaa ndani ya kihenge, tumemfunika magunzi, na mgambo wakipita nje wakihesabu kaya. Aliposhuka kutoka paani alikanyaga msumari, mguu ukavimba ukawa unanuka. Lori lilikuwa lije Jumatatu kubeba kila kitu mpaka vihenge vyenyewe. Na njia ya kutoka Mihogoni ni ile moja inayovuka reli, pale wameweka kizuizi, wanamtazama kila mwanamume usoni. Mwanamke aliyejifunika hawamfunui.

Baba ndiye aliyewaza. Alikuwa bado anatetemeka. Alisema Mwanajuma ameshaposwa, mume wake ameshahamia kijiji kipya, basi ndoa ifungwe sasa. Ijumaa tulimpitisha Mwanajuma pale relini juu ya mkokoteni wa ng'ombe, amekaa na vyungu kama watoto wengine wanaohama, na nguo kuukuu. Jumamosi ikatoka zefe, na bibi harusi alikuwa mume wangu.

Unamjua Baba na zefe yake. Mara ngapi wamekuja wakubwa kumtaka aitoe kupokea wageni, akakataa kwa sababu hakuna anayesindikizwa? Nilimuuliza kama tunalofanya si dhambi. Akanijibu, "Zefe inataka awepo anayesindikizwa. Leo yupo."

Mguu mzima niliupaka hina. Huu wa pili haukukubali kukanyaga chini, hata hatua moja. Tukaufunga kitambaa, na kitu pekee kilichouingia ni katambuga yake mwenyewe, basi akavaa zote mbili. Nikasema baibui litafunika. Mimi nilishika kona ya kushoto ya kanga, na mkono ulitetemeka hata kanga ikawa inarukaruka, wanawake wakadhani nacheza, wakazidi kupiga vigelegele. Ni wachache tu waliojua. Pale kizuizini mgambo walisogea kutupa njia. Mmoja akacheka, akasema Mungu awape watoto. Kisha tukapanda tuta, na bibi harusi akainua baibui asijikwae. Hatua mbili tu, Yahaya. Nikamwona yule aliyecheka anatazama chini, na hacheki tena.

Hakusema kitu. Labda aliandika alichokiona bila kujua maana yake. Wewe ndiye uliyewaeleza.

Silisemi hilo kukulaumu. Nalisema kwa sababu nina hofu, na mtu mwenye hofu hachagui maneno.

Twalibu aliondoka na gari la mizigo kwenda Kaliua, na kutoka pale kwa tawi la reli la Mpanda. Ndiyo yote ninayojua. Baba alimpa viatu vyake vya Idi. Katambuga nimezificha ndani ya gunia la karanga, na kila ninapochota karanga moyo unanienda mbio.

Jana wameleta karatasi. Baba anatakiwa afike Tabora tarehe 22, yeye na bendera.

Batuli


Ofisini, Tabora
19 Agosti 1974

Kwa Ndugu Yahaya Nassibu, Karani

Ndugu,

Rejea maelezo yako ya tarehe 5 Agosti kuhusu zefe, ukurasa wa pili, sentensi ya mwisho.

Taarifa inasema bibi harusi alivaa katambuga. Wewe unasema bibi harusi huwa peku na kwamba mwenye viatu hajapata kuonekana. Kama wewe umesema kweli, aliyefunikwa pale hakuwa bibi harusi, na yuko mtu anayetafutwa ambaye hadi leo hajulikani alipo. Kama alikuwa bibi harusi, basi wewe umeandika usilolijua, tena kwa karatasi ya serikali.

Nimeletewa pia jina la mshika bendera. Ni Nassibu. Hukuniambia.

Nijibu kwa maandishi kabla ya kesho kutwa saa nne asubuhi.

Lugembe


Ofisini, Tabora
20 Agosti 1974

Kwa Ndugu Lugembe

Ndugu,

Mzee Nassibu ni baba yangu mzazi. Sikusema kwa kuwa nilipoulizwa maana ya zefe sikujua ni zefe gani inayoulizwa. Naomba radhi.

Kuhusu viatu, kosa ni langu. Maelezo yangu yalihusu zefe ya mjini peke yake. Niliacha desturi ya vijiji vilivyo kwenye njia ya zamani ya misafara, kwa kudhani haihitajiki. Huko bibi harusi haendi peku. Huvaa viatu vya mwanamume. Asili yake ni wapagazi. Mpagazi aliyerudi salama kutoka pwani alimpelekea mchumba wake viatu alivyotembelea, na mchumba akavivaa siku ya zefe, kuonyesha kwamba yuko tayari kuimaliza njia aliyoianza mumewe. Zamani vilikuwa vya ngozi ya ng'ombe. Siku hizi ni katambuga. Kwa kuwa humpwaya, mguu mmoja hufungwa kitambaa. Aidha bibi harusi mwenye kuvaa hivyo huonekana mrefu kuliko alivyo, kwa unene wa tairi.

Baba yangu anaifahamu desturi hii, na kila mwanamke wa Mihogoni anaifahamu.

Ni mimi,
Yahaya Nassibu, Karani


Gongoni, Tabora
23 Agosti 1974

Dada Batuli,

Shikamoo. Baba wamembakiza. Alikuja jana kwa gari moshi la asubuhi, ameikunja bendera ndani ya msala, akaingia chumba cha maswali saa tano, na saa kumi nikaambiwa nimletee blanketi. Nimempelekea na uji. Sikuruhusiwa kumwona, ila nasikia jibu lake kwa kila swali ni moja tu, kwamba anayesindikizwa alikuwepo.

Nakutumia nakala ya barua niliyomwandikia Bwana Lugembe. Utaisoma na utacheka au utalia, mimi sijui kipi. Nilikaa mezani nikaitunga desturi nzima kwa nusu saa, na ilinitoka kama kwamba nimeisikia tangu utotoni. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote. Ile ya kwanza, ya kweli, niliihangaikia siku tatu.

Bwana Lugembe aliisoma polepole. Akauliza, "Nani mwingine anaijua desturi hii?" Nikasema kila mtu kule. Akasema, "Basi tutakwenda kuiona." Si ombi. Jumamosi tarehe 31 watakuja yeye na wenzake wawili, na yule mgambo aliyeona. Mwanajuma arudie zefe yake, kutoka relini mpaka mlangoni kwa mumewe, na watalinganisha kila hatua na karatasi yangu. Ikilingana, Baba anarudi nyumbani. Isipolingana hawakusema itakuwaje, na mimi sikuuliza.

Wafundishe wanawake. Wote waseme jambo moja, lakini wasiseme kwa maneno yaleyale, maana wataonekana wamefundishwa. Bibi mmoja aseme katambuga ni uchuro, zamani ilikuwa ngozi. Mwingine abishe. Mwanajuma azizoee, azivae ndani ya nyumba kutwa nzima. Mtu aliyevaa kitu mara ya kwanza anatembea akijitazama miguu.

Usiku silali. Najua umesema mtu mwenye hofu hachagui maneno. Mimi nimeyachagua moja moja, na tazama.

Yahaya


Kigwa, kijiji kipya
1 Septemba 1974

Yahaya,

Nakuandikia leo, maana kesho nitasahau jinsi ilivyokuwa.

Kwanza Mwanajuma alikataa. Alisema harusi yake alipitishwa kama chungu, akakaa ndani ya kibanda kipya anasikia zefe yake inakuja na ndani yake yuko mtu mwingine, na alinyamaza kwa ajili ya Twalibu. Sasa anaambiwa atembee mbele ya watu wenye karatasi. Alilia asubuhi nzima. Kisha akaomba zile katambuga. Nilitaka mume wake amkatie mpya, akasema hapana, yule mgambo ameziona hizo, ana macho, atajua. Wiki nzima amezivaa, akipika, akitwanga, mpaka kidole gumba kikatoka malengelenge.

Walikuja wanne. Walisimama palepale penye kizuizi. Bwana Lugembe wako ni mtu mpole wa sura, sikutegemea. Karatasi yako alikuwa ameishika mkononi, anaisoma, anatazama, anaisoma. Bendera alishika Baba Mdogo. Tuliimba, lakini matari yalisikika kama watu wanapiga debe. Nilishika kona yangu ileile ya kanga.

Tulipofika kwenye tuta Mwanajuma akainua baibui mwenyewe, bila kuambiwa. Bwana Lugembe akasema simameni. Tukasimama. Akamwambia yule mgambo atazame. Mgambo akachuchumaa, akaziangalia katambuga, akaangalia kitambaa mguuni, muda mrefu, hata nikahisi mkojo. Kwenye katambuga ya kulia kuna mahali Twalibu alipotoboa kwa patasi akashona kwa waya. Mgambo akapagusa kwa kidole. Akasema, "Ndizo hizi. Nazikumbuka kwa huu waya." Bwana Lugembe akamuuliza Mwanajuma, "Ulivaa hizi siku ile?" Mwanajuma akasema ndiyo, ni za mume wangu. Mume wake alikuwa amesimama mlangoni anasubiri, na wewe unajua mguu wake ni mdogo kama wangu. Hakuna aliyemwambia azijaribu. Mpaka sasa najiuliza ingekuwaje.

Bibi mmoja akaanza kulalamika kwamba siku hizi desturi imeharibika, zamani ilikuwa ngozi ya ng'ombe si mpira. Sikumfundisha yeye, Yahaya. Nilimfundisha mwingine. Huyu alijisemea mwenyewe, na alikuwa na hasira za kweli.

Bwana Lugembe akaandika. Wakanywa chai, wakaondoka. Mwanajuma akazivua katambuga, akanirudishia, akaingia ndani.

Batuli


Gongoni, Tabora
6 Septemba 1974

Dada Batuli,

Shikamoo. Baba yuko hapa kwangu, wamemwachia jana. Amepungua, lakini anakula. Namleta kesho kwa gari moshi la mchana. Bendera haikurudishwa, imewekwa pamoja na jalada.

Shomari amepona, atatembea kwa fimbo. Kwa hiyo si kesi ya kuua. Lakini kumtafuta shemeji hakujasimamishwa, na jalada halijafungwa, limewekwa tu kabatini.

Baba nimemsomea barua ya pili, ile niliyotunga. Nilitaka ajue kilichomtoa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ile ya kwanza uliandika vizuri."

Yahaya


Gongoni, Tabora
3 Februari 1982

Dada yangu Batuli,

Shikamoo. Nimepata habari za harusi ya Mwanne, nami nitafika Ijumaa ya tarehe 12 na mchele. Hofu na mashaka ni juu yenu, na juu yangu pia, kama ilivyo siku zote.

Wiki hii tumeletewa kijitabu cha desturi za mkoa, kimechapwa vizuri, kina picha. Ukurasa wa kumi na nne nimekuta hivi: "Katika vijiji vya njia ya misafara, bibi harusi huvaa viatu vya mwanamume siku ya zefe, kuonyesha yuko tayari kuimaliza njia aliyoianza mumewe." Neno kwa neno. Hawakutaja aliyeandika. Mwalimu mmoja amekuja ofisini kuuliza zaidi, na mimi nikamweleza, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, na nikiwa namweleza jasho lilikuwa linanichuruzika mgongoni.

Ile ya kwanza, kuhusu hina na nyayo, haimo humo popote. Iko kabatini pamoja na bendera ya Baba. Wakati mwingine nikibaki peke yangu nalifungua kabati kuhakikisha lile jalada bado lipo, na nikilikuta naogopa, na siku nisipolikuta haraka naogopa zaidi.

Nikuungamie jambo. Uliniambia nichome barua zako. Sikuchoma hata moja. Zimo kwenye sanduku chini ya kitanda. Nimekuwa nikijiambia nitazichoma kila mwaka tangu Baba afariki.

Ndugu yako,
Yahaya


Kigwa
8 Februari 1982

Mdogo wangu Yahaya,

Marahaba. Barua hii anakuletea Bertila, amezeeka na bado anafuata dawa.

Nilidhani Mwanne ataolewa kisasa, na gauni. Jana amekuja na wenzake watatu, wanataka katambuga. Mwaka jana wote walioolewa hapa walizivaa. Anasema bibi zetu walifanya hivyo tangu wakati wa misafara. Nilikaa kitako.

Unajua anavyomwongelea baba yake. Anaamini alikwenda Mpanda kutafuta kazi akatusahau, akaoa huko. Nilimwachia aamini hivyo, kwa maana mtoto akijua atasema, na akisema watakuja. Miaka sita iliyopita mfanyakazi mmoja wa reli aliponiletea habari kwamba Twalibu amefariki kwa ule mguu, amezikwa Mpanda kwa jina lisilo lake, nililia ndani ya shuka. Asubuhi nikamwambia Mwanne ni mafua. Siku hiyohiyo alisema hatamwalika baba yake kwenye harusi hata akirudi.

Jana nimezitoa kwenye gunia. Mpira haujaharibika, na waya umeota kutu kidogo tu. Nikampa. Akasema mbona kuukuu, wenzake wanakatiwa mpya. Nikamwambia hizi ndizo zenyewe. Akauliza ni za nani. Nikasema ni za bibi harusi wa kwanza aliyezivaa.

Akazijaribu. Zinampwaya. Alicheka, akazunguka nazo uani, na kutembea kwake ni kulekule kwa baba yake, anatupa mguu wa kulia nje kidogo. Nikaingia jikoni.

Baba amekufa, Twalibu amekufa. Waliobaki wa kuogopa ni mimi na wewe, na wewe zaidi, kwa sababu ni sahihi yako iliyo kwenye ile karatasi. Hilo nalijua, na nimelifikiri usiku kucha kabla ya kuandika. Hata hivyo nakuomba. Uje na lile sanduku, na za kwako ninazo mimi, nami sikuzichoma. Jumamosi atakwenda kwa mumewe na zefe, akidhani viatu ni vya mtu asiyemjua. Jumapili asubuhi nataka nimkalishe, nimpe barua zote, ya kwako ya kwanza ikiwa juu, azisome mwenyewe mpaka mwisho.

Ukiona huwezi, njoo na mchele tu, sitakuuliza.

Dada yako,
Batuli


Gongoni, Tabora
9 Februari 1982

Dada Batuli,

Shikamoo. Bertila anasubiri kwenye benchi lilelile.

Naja Ijumaa. Mchele ni kilo ishirini, na sanduku nitalibeba mwenyewe mapajani. Nimeongezea nakala ya maelezo yale ya kwanza, ya hina na nyayo, niliyoandika upya leo asubuhi kwa kukumbuka, na nimeweka jina langu chini.

Yahaya Nassibu